Jirani Akisamehewa Kodi, Nani Hulipa?

Mafunzo ya watu wazima kwa redio: somo la historia

Leo tutazungumza habari ya kodi. Najua neno hilo halipendezi masikioni, na pengine kuna bwana mmoja ambaye ameshanyosha mkono aizime redio. Ngoja kidogo, bwana. Sikuja kukudai. Nimekuja kukueleza habari za watu waliosamehewa kodi, na za majirani zao waliobaki wakilipa.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Katika lugha yetu neno "kodi" lina kazi nyingi mno. Mpangaji humpa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba naye huipa halmashauri kodi. Katika somo hili yale malipo ya mpangaji nitayaita pango. Neno kodi nitaliweka kwa ile tu inayotozwa na mji au wilaya juu ya majengo na ardhi, ili kulipia barabara, mifereji, taa za njiani, kuzoa takataka na mambo kama hayo.

Sasa chukua penseli. Tuseme kuna mji mdogo wenye nyumba kumi, zote za thamani moja. Halmashauri inataka shilingi 1,000 za kuchimba mtaro. Kila nyumba italipa shilingi 100. Diwani mmoja anasimama na kusema, "Nyumba ya tano ni zahanati, na nyumba ya sita ni ya mjane. Tuzisamehe." Watu wote wanakubali, kwa kuwa ni jambo la huruma. Lakini fundi wa mtaro hajapunguza bei yake hata senti moja. Kwa hiyo zile nyumba nane zilizobaki zitalipa shilingi 125 kila moja. Hakuna aliyeulizwa, "Je, utatoa shilingi 25 kwa ajili ya zahanati na mjane?" Amezitoa bila kuulizwa, na pengine bila kujua. Huenda angezitoa kwa moyo mweupe. Huenda pia, akienda kutazama, akakuta nyumba ya sita mjane anaishi chumba kimoja tu, na vyumba vitano vimepangishwa kwa pango zuri.

Hiyo ndiyo habari yote ya leo. Tofauti ni kwamba katika historia nyumba hazikuwa kumi, wala thamani hazikuwa sawa, na waliosimama kuomba msamaha hawakuwa wajane tu.

Nimeichagua historia ya Uingereza kwa sababu kumbukumbu zake za kodi ya majengo ni za zamani sana na zimehifadhiwa vizuri. Tena sheria za kodi katika miji yetu, kama vile Nairobi na Mombasa, zilichota mengi kutoka kisima hicho, pamoja na matope yake.

Basi, mwaka 1601, katika siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwatunza maskini. Kila parokia, yaani kijiji au mtaa uliozunguka kanisa moja, iliamriwa iwatunze maskini wake yenyewe: wazee wasiojiweza, wagonjwa na yatima. Wazee wa kanisa, pamoja na watu wawili, watatu au wanne wenye uwezo walioteuliwa kila mwaka, walikuwa wasimamizi wa maskini. Hao walikisia fedha zinazohitajika, kisha wakawatoza wakazi. Kodi hiyo ya maskini ndiyo mama wa kodi ya majengo ya Kiingereza. Baadaye polisi walipohitaji fedha, na barabara, na shule, kila kitu kilipachikwa juu ya mgongo wake.

Sheria ilitaja watakaolipa. Ilimtaja kila mkazi, na kila mtu anayekalia ardhi, nyumba, haki za zaka, migodi ya makaa ya mawe, au vichaka vinavyokatwa na kuuzwa. Hebu rudia maneno hayo polepole: migodi ya makaa ya mawe. Baadaye mahakimu waliulizwa kuhusu migodi ya namna nyingine. Wakajibu kwamba, kwa kuwa Bunge lilitaja makaa ya mawe peke yake, basi bati, shaba na chuma havimo. Kwa hiyo mwenye mgodi wa makaa kaskazini alilipa, na mwenye mgodi wa shaba au bati kule Cornwall hakulipa. Vivyo hivyo, vichaka vya kukata kuni vilitozwa, lakini misitu ya miti mikubwa ya mbao, ambayo aghalabu ilikuwa mali ya mabwana wakubwa, haikutozwa. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa amekosea. Hakukosea. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1874, yaani miaka 273, ndipo Bunge likaingiza katika kodi migodi ya kila namna, na misitu, na haki za kuwinda. Miaka yote hiyo wenye nyumba za Cornwall walikuwa wakiijaza nafasi iliyoachwa na migodi, na sababu yake ilikuwa ukimya wa mstari mmoja wa sheria.

Bidhaa za wafanyabiashara nazo zina kisa chao kifupi. Kwa kuwa sheria ilisema "kila mkazi," sehemu chache zilikuwa zikimtoza mfanyabiashara kwa shehena iliyomo ghalani mwake. Mwaka 1840 Bunge lilizisamehe bidhaa hizo, lakini kwa muda mfupi tu, ili mambo yafikiriwe vizuri. Sheria hiyo ya muda ikafanywa upya mwaka baada ya mwaka, hata watu wakasahau kwamba ilikuwa ya muda. Tafadhali likumbuke neno hilo "kwa muda." Tutakutana nalo tena.

Je, maskini wenyewe walifanyiwa nini? Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitazamii.

Kwa sheria ya mwaka 1814 mahakimu wa wilaya waliweza kumfutia mtu kodi kwa sababu ya umaskini. Ndugu msikilizaji, utasema haki imetendeka. Subiri. Mwaka 1832 Uingereza ilibadili sheria yake ya uchaguzi. Katika miji, mwanamume mwenye kukaa katika nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka alipata kura, lakini kwa masharti: awe amekwisha kulipa kodi zake, na asiwe amepokea msaada wa parokia mwaka huo. Tazama jinsi mambo mawili yalivyofungwa pamoja. Aliyesamehewa hakuwa amelipa, na asiyelipa hakuandikwa katika daftari la wapiga kura. Wema wa hakimu uliokoa shilingi za mtu na kumwondoa mezani pa mazungumzo.

Kisha ikaja desturi nyingine. Watoza kodi walichoka kugonga milango ya nyumba ndogondogo kudai shilingi mbili tatu kwa watu wanaohama kila mara. Kwa sheria ya mwaka 1850, parokia zilizotaka ziliweza kumtoza mwenye nyumba badala ya mpangaji, kwa nyumba zisizozidi thamani ya pauni 6 kwa mwaka. Mwenye nyumba alipewa punguzo kubwa, robo na hata nusu ya kodi, kwa kuwa alilipa kwa nyumba zake nyingi mara moja na kuuondolea mji usumbufu. Kisha akaichanganya kodi hiyo ndani ya pango la kila juma. Mpangaji hakuona karatasi ya kodi maisha yake yote. Alidhani hatozwi, na jirani yake tajiri alidhani vivyo hivyo, akasema, "Hawa hawalipi kitu." Kumbe analipa kila Jumamosi, peni kwa peni, ila jina lililoandikwa katika kitabu ni la mwenye nyumba.

Mwaka 1867 jambo hilo likalipuka. Waziri Benjamin Disraeli alileta muswada wa kumpa kura kila mwanamume mwenye kukaa katika nyumba mjini, mradi analipa kodi yake mwenyewe. Maneno hayo matatu, "kodi yake mwenyewe," yalikuwa yanawaacha nje mamia ya maelfu ya wafanyakazi ambao kodi yao ilipitia mkononi mwa mwenye nyumba. Ndipo mbunge wa Newark aliyeitwa Hodgkinson, mtu ambaye hakuwa na sifa kubwa Bungeni, akapendekeza desturi ile ya kumtoza mwenye nyumba ifutwe kabisa mijini. Disraeli akakubali. Kwa pendekezo hilo moja watu wapatao laki nne au zaidi waliongezeka katika hesabu ya wapiga kura.

Ungedhani shangwe ilienea mitaani. Mahali pengi kilichoenea ni karatasi za kodi. Mpangaji sasa alitakiwa kulipa mwenyewe, tena kodi kamili bila lile punguzo la mwenye nyumba. Na pango, ambalo kodi ilikuwa tayari imo ndani yake, mara nyingi halikushuka. Alikuwa akilipa mara mbili. Baada ya malalamiko mengi, mwaka 1869 ikatungwa sheria, nayo iliongozwa na waziri George Goschen, iliyoruhusu mwenye nyumba alipe tena. Lakini jina la mpangaji liandikwe kitabuni, na malipo ya mwenye nyumba yahesabiwe kuwa ni malipo ya mpangaji. Mimi naiona sheria hiyo kuwa ya akili kuliko zote nitakazozitaja leo. Haikumpa maskini huruma kubwa. Ilisema tu waziwazi ni nani anayelipa.

Sasa tupite upesi kwa taasisi. Mwaka 1833 nyumba za ibada zilisamehewa, za kanisa la serikali na za madhehebu mengine pia, kwa sehemu zinazotumika kwa ibada. Shule za Jumapili na zile shule za bure za watoto maskini ziliweza kusamehewa kwa sheria ya mwaka 1869. Katikati ya hizo, mwaka 1843, ilitokea sheria ya vyama vya elimu ya sayansi, vitabu na sanaa, nayo ilikuwa na masharti makali: chama kiwe kwa ajili ya mambo hayo peke yake, kitegemee angalau kwa sehemu michango ya hiari ya kila mwaka, kisigawe faida kwa wanachama, tena kiwe na hati ya mwanasheria aliyewekwa na serikali kuthibitisha hayo. Neno "peke yake" liliwapa mawakili kazi kwa miaka mingi. Chama chenye maktaba na chumba cha kusoma magazeti na kupiga gumzo, je, ni chama cha elimu peke yake?

Hospitali na mashirika mengine ya sadaka hayakuwa na sheria kama hiyo. Mengi yalikuwa yakiachwa bila kutozwa kwa hoja kwamba hakuna mtu anayefaidika nayo kwa nafsi yake. Hoja hiyo ilipata kipigo mwaka 1865, tena kutokana na mali ya ukubwa wa kutisha: gati za Liverpool. Bodi iliyosimamia bandari ile katika mto Mersey ilisema kwamba yenyewe ni mdhamini wa watu wote, haigawi faida kwa mtu yeyote, basi isitozwe. Parokia zilizoizunguka zilikuwa na mabaharia wagonjwa, wapagazi wasio na kazi na wajane wa kutunza, na mali kubwa kuliko zote mahali pale haikuwa ikichangia kitu. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho, likaamua kwamba kutumikia umma si sababu ya kutolipa. Anayekalia mali yenye thamani atozwe, isipokuwa Mfalme au Malkia na watumishi wake wanaoishika mali kwa niaba ya dola. Kwa uamuzi huo gati zikalipa, na mashirika ya sadaka nayo yakajikuta hayana tena ngao.

Na ile mali ya dola je? Sheria ya 1601 haikumtaja Malkia, na kanuni ya Kiingereza husema sheria isiyomtaja mtawala haimfungi. Kwa hiyo kambi za askari, ofisi za serikali na gati za manowari hazikutozwa. Fikiri mji kama Portsmouth, ambao sehemu kubwa ya uhai wake ni gati za manowari! Serikali iliona aibu pole pole. Kufikia mwaka 1874 ilikubali kutoa mchango badala ya kodi kwa majengo yake, lakini kwa hiari, na kwa makisio yake yenyewe. Mdaiwa aliyejipimia deni lake mwenyewe, mabibi na mabwana, ni mdaiwa mwenye bahati.

Mpaka hapa tumetazama misamaha midogo midogo. Mwaka 1896 ukaja mkubwa. Tangu miaka ya 1870 wakulima wa Uingereza walikuwa taabuni, kwa sababu reli na meli za moshi zilileta ngano ya bei nafuu kutoka Amerika. Serikali ya Lodi Salisbury ikatunga sheria kwamba ardhi ya kilimo ilipe nusu tu ya kodi. Ili halmashauri zisipungukiwe, hazina ya taifa iliahidi kuzipa ruzuku, kiasi cha pauni milioni moja na kidogo kwa mwaka.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi, nami napenda muisikie kabla ya kusikia majibu yake. Mkulima, ilisemwa, hutumia ardhi kama seremala atumiavyo msumeno. Ukimtoza kwa ukubwa wa ardhi unamtoza kwa chombo chake cha kazi. Wakili wa mjini hupata fedha mara kumi kuliko yeye, naye anakalia ofisi ya vyumba viwili na kulipa kidogo. Haki iko wapi?

Aliyesimama kupinga ni kijana mmoja kutoka Wales, David Lloyd George, aliyekuwa bado hajajulikana sana. Alipinga kwa ukali hata mwezi wa Mei mwaka huo akafukuzwa katika vikao kwa muda, pamoja na wenzake wachache. Hoja yake ilihusu hatua ya pili, ile ambayo watu hawapendi kuihesabu. Tuchukue penseli tena. Mkulima anakodi shamba kwa pango la pauni 100 kwa mwaka, na juu yake analipa kodi pauni 10. Shamba linamgharimu pauni 110. Kodi ikipunguzwa nusu, linamgharimu 105. Mkataba wake ukiisha, mwenye ardhi atasema, "Bwana, shamba hili ulikuwa unaliweza kwa 110. Sasa pango ni 105." Mkulima amerudi pale pale. Zile pauni 5 zimetoka hazina, zimepita mkononi mwake bila kulala, zimeingia mfukoni mwa mwenye ardhi. Na wenye ardhi, Lloyd George akakumbusha Bunge, walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbele vya serikali.

Kwa haki niseme kwamba jambo hilo halitokei kwa siku moja. Pango lenyewe lilikuwa likishuka miaka ile ya taabu, na mkulima mwenye mkataba mrefu aliweza kushika nafuu yake kwa kitambo. Lakini naona kijana yule alishika mahali penyewe. Ukitaka kujua msamaha ni wa nani, usiangalie jina lililo kwenye karatasi tu. Angalia ni nani aliye na nguvu ya kupandisha bei baadaye.

Tena sheria hiyo ilikuwa ya miaka mitano, kwa muda tu. Nadhani umeshatabasamu. Ikaongezwa, ikaongezwa tena. Mwaka 1923 kodi ya ardhi ya kilimo ikashushwa kutoka nusu hadi robo. Mwaka 1929 ikafutwa kabisa. Mpaka leo ardhi ya kilimo huko Uingereza hailipi.

Sheria ya mwaka 1929, kazi ya Neville Chamberlain na Winston Churchill, haikuishia mashambani. Viwanda navyo vilipunguziwa robo tatu ya kodi. Hapa pia palikuwa na kilio cha kweli. Katika wilaya za makaa ya mawe, chuma na pamba watu wengi walikuwa hawana kazi. Kuwatunza kulihitaji kodi kubwa. Kodi kubwa iliwafukuza wenye viwanda. Viwanda vikiondoka, wasio na kazi waliongezeka. Wilaya maskini ndiyo iliyotozwa zaidi kwa sababu ya umaskini wake. Reli nazo zilipata nafuu, kwa sharti kwamba wailipe tena kwa kupunguza bei ya kusafirisha mizigo fulani kama makaa na mazao. Sharti hilo lilikuwa jema, maana kila mtu aliweza kukagua kama limetimizwa.

Kwa viwanda hapakuwa na sharti. Kiwanda cha chuma kinachokaribia kufungwa kilipata robo tatu, na kiwanda cha bia au sigara kinachostawi kilipata robo tatu ile ile. Mwenye duka aliyeuza mkate jirani na kiwanda cha bia alilipa kodi kamili. Mzigo wa ruzuku ulibebwa kwa sehemu na ushuru wa petroli wa peni 4 kwa galoni uliowekwa mwaka 1928, kwa hiyo wenye malori na mabasi walijikuta wanachangia kodi ya viwanda. Nafuu ya viwanda ilipunguzwa hadi nusu mwaka 1959, ikaondolewa mwaka 1963. Viwanda havikuwa na marafiki wengi Bungeni kama mashamba, au labda taabu iliyosababisha nafuu ile ilikuwa imekwisha kusahauliwa.

Nirudi kwa mashirika ya sadaka, maana habari yao haijaisha. Baada ya uamuzi wa gati za Liverpool, kwa sheria yalipaswa kulipa. Katika hali halisi wathamini wa halmashauri waliyahurumia: hospitali kubwa iliandikwa katika daftari kwa thamani ndogo ya kuchekesha, na hakuna aliyelalamika. Mwaka 1950 kazi ya kuthamini majengo ilihamishiwa kwa wakaguzi wa kodi wa serikali kuu, watu wasiomfahamu daktari wala mchungaji wa mji. Huruma ikakoma. Bunge likalazimika kusema wazi lile lililokuwa likifanyika gizani: kwa sheria ya mwaka 1961 mashirika ya sadaka yalipunguziwa nusu ya kodi, na kwa sheria ya mwaka 1988 asilimia 80.

Na kwa mlango huo wakaingia wengine. Shule za kulipia za Uingereza, zile ambazo watoto wa matajiri husoma, nyingi zimeandikishwa kuwa mashirika ya sadaka. Kwa miaka mingi zililipa sehemu moja tu kati ya tano ya kodi, wakati shule ya serikali iliyo ng'ambo ya barabara haikuwa na nafuu hiyo kwa jina la sadaka. Wenye shule walisema kwamba wanatoa nafasi za bure kwa baadhi ya watoto, na kwamba kila mtoto wanayemsomesha ni mzigo mmoja umeondolewa serikalini. Wapinzani waliuliza swali la penseli yetu: nani analipa ile minne iliyobaki? Scotland iliwaondolea shule hizo nafuu mwaka 2022, na England mwaka 2025.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Kenya ya mwaka 1956 juu ya kuthamini ardhi kwa ajili ya kodi ilisamehe nyumba za ibada, makaburi, hospitali, shule, mashirika ya sadaka, makumbusho na maktaba, viwanja vya michezo ya nje na mbuga za taifa. Ukiisoma baada ya somo la leo, utatambua sura za wazee waliotangulia. Mahali pa kuangalia ni maneno yake kwamba ardhi itumike kwa kazi hiyo moja kwa moja na peke yake. Uwanja wa kanisa wenye maduka ya kupangisha upande wa barabara, je? Kwa ardhi ya serikali Kenya nayo ilifuata njia ya mchango badala ya kodi, na deni la mchango huo kwa Nairobi limekuwa ugomvi wa miaka mingi.

Tanzania ilichukua njia nyingine mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa mjini. Kwa sheria anayedaiwa ni mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na serikali ililazimika kueleza kwamba mpangaji akubaliane na mwenye nyumba wake arudishiwe. Wapangaji wa mwaka 1867 wangeyaelewa maneno hayo bila mkalimani.

Kazi ya juma hili ni kwa vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kichague mtaa mmoja, kihesabu majengo yasiyolipa kodi, na kando ya kila moja kiandike kinachofanyika ndani yake siku za kazi, wala si kile kilichoandikwa juu ya mlango. Mkikuta mpangaji, muulizeni kwa adabu kama anajua ni kiasi gani cha pango lake kinachokwenda kwa halmashauri. Leteni hesabu zenu katika darasa lijalo, na penseli zenu pia.